Meko ya gesi ya kuchomeka ukutani, Newala: magogo ya kauri yamevunjikia kwenye kontena. Niweke nini ndani?

Mjukuu_wa_Newala
Wakuu, habari za jioni. Kabla hamjaanza kunicheka, nisomeni hadi mwisho.

Najua mtasema meko ya kuota moto mkoa wa Mtwara ni wazimu. Kwa Mtwara mjini sibishi, huko hata feni inatoa jasho. Mimi niko Newala, juu uwandani, jirani na Shimo la Mungu. Aliyewahi kulala huku mwezi wa sita au wa saba anaijua ile baridi na ule ukungu. Asubuhi unaitikia salamu ya jirani bila kumwona.

Marehemu babu alinunua nyumba ya zamani ya kuta nene. Sebuleni ina meko ya matofali na dohani juu. Tangu nizaliwe sijaona moto ukiwashwa pale, wapangaji walikuwa popo. Sasa dada yangu anayeishi Kanada alipata kwa bei ya kutupa meko ya gesi, yale ya sanduku la chuma lenye kioo mbele, unalisukumia ndani ya meko ya zamani na mabomba yake yanapanda kupitia dohani. Kalitia kwenye kontena pamoja na magodoro. Sanduku limefika zima. Magogo bandia ya kauri yanayokaa juu ya moto yalikuwa matano, yamefika vipande kumi na tisa. Nimevihesabu.

Nimeona nisilie. Nitumie nafasi hii kulifanya la kisasa. Mtandaoni naona watu wanaweka chembe za kioo cha buluu, mawe meupe ya duara, wengine mstari mrefu wa moto bila gogo lolote. Mke wangu naye anasema akiona kitu chochote cha theluji theluji anahamia kwao Tandahimba, anataka kiwe na sura ya kusini. Ndani niweke nini, na ukutani nizungushie nini?

Nawasilisha.

Kuchele84
Mtwara kuchele! Kumbe korosho msimu huu zimelipa, watu wanaota moto nyuma ya kioo.

Mdau_Makete
Karibu kwenye chama, mkuu. Sisi huku tunaingiza jiko la mkaa chumbani, tunafunga dirisha, asubuhi tunamshukuru Mungu tumeamka.

FundiBomba_Chikongola
Mdau wa Makete, umeandika kwa utani lakini hilo linaua kila mwaka. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi, unasinzia tu. Toa hilo jiko nje leo.

Mwenye uzi, usiwashe kitu bado. Angalia kibati kilichogongelewa pembeni au chini ya hilo sanduku, utuandikie kinasema nini. Na nyuma yake yanatoka mabomba mangapi?

Mikindani_Pwani
Kaka, usihangaike na vioo vya watu. Sisi Mikindani nyumba zote za kale zimejengwa kwa matumbawe. Njoo nikupe kiroba cha vipande vyeupe, upange juu ya moto. Weupe wa matumbawe na moto wa machungwa, nani atakushinda? Tena ni cha kusini kama anavyotaka shemeji.

Mjukuu_wa_Newala
Mikindani, umenigusa! Nakuja Jumamosi na kiroba.

FundiBomba_Chikongola
Acha hicho kiroba.

Nikuulize, kaka wa Mikindani, hizo nyumba za kale zilipigwa lipu ya nini? Ya chokaa. Na chokaa wazee walikipataje? Walipanga magogo, wakarundika matumbawe juu, wakatia moto. Jiwe la matumbawe likifika kama nyuzi 800 au 900 linatoa hewa iliyomo ndani yake na kubaki chokaa hai. Chokaa hai kikinywa unyevu kinavimba na kumeguka unga. Ndani ya meko ya gesi si kila kipande kitafikia joto hilo, ila vile vinavyolambwa na moto wenyewe vitasogea huko. Ukungu wa Newala ukiingia, baada ya wiki chache una vumbi jeupe ndani ya matundu ya gesi. Umejenga tanuri la chokaa sebuleni.

Hilo ni la polepole. La haraka ni maji. Jiwe lolote lililokaa baharini, mtoni au ardhini lina maji ndani yake. Ukilipasha ghafla yale maji yanageuka mvuke, mvuke hauna pa kutokea, jiwe linapasuka. Linaweza kupasuka kama risasi. Nyuma ya kioo cha meko, kioo nacho kinaondoka.

Mikindani_Pwani
Basi fundi, nimerudisha kiroba. Lakini umeniudhi kidogo.

Mjukuu_wa_Newala
Sasa naona aibu kusema. Wiki iliyopita binamu yangu aliniletea kokoto laini za Mto Ruvuma, nzuri mno, nyeusi zenye mistari. Nikasema nizijaribu nje kwanza. Nikaziweka tano juu ya jiko la mkaa uani. Ya tatu ililia PAA, kipande kikamfuata jogoo. Jogoo yu mzima, ila hadi leo hapiti upande ule wa jiko.

Mama_Korosho_Tandahimba
Mwanangu, ungetupigia simu mapema. Maganda ya korosho tunayo malundo, yanawaka yenyewe bila gesi 😂

Kuchele84
Mama, huyu umtakie mema. Moshi wa maganda ya korosho unajua unavyofanya macho.

Mama_Korosho_Tandahimba
Najua, ndiyo maana nacheka. Mafuta ya ganda yanababua ngozi, moshi wake ndio usiseme. Tuliobangua kwa kuchoma uani tunayo makovu mikononi.

Mjukuu_wa_Newala
Fundi, nimekipata kibati. Kimeandikwa NG. Kuna namba 25,000 BTU. Nyuma kuna matundu mawili ya mabomba ya kukunjika, dada alitia na mabomba yenyewe ya alumini. Ndani kuna feni ndogo yenye waya.

Halafu nikiri jingine: feni niliichomeka ukutani kuona kama inazunguka. Ilizunguka kwa kasi ya ajabu sekunde mbili, ikanuka, ikanyamaza.

FundiBomba_Chikongola
Pole kwa feni. Umeme wa Kanada majumbani ni volti 120, wa kwetu 230. Hiyo imeshakufa, utatafuta nyingine ya hapa. Uzuri ni kwamba meko mengi ya aina hiyo yenye kimoto kidogo cha kudumu hayahitaji umeme kuwaka. Kile kimoto kinapasha kijiti cha chuma, kijiti kinazalisha umeme kidogo mno unaoshikilia koki ya gesi ifunguke. Kimoto kikizimika, kijiti kinapoa, koki inajifunga. Kwa hiyo usiku umeme ukikatika utaota kama kawaida. Lakini chochote utakachoweka ndani kisikifunike hicho kimoto wala kijiti chake. Nimeona mtu amemwaga mapambo hadi yamekizika, halafu ananiita kusema meko mabovu.

Matundu mawili: bomba moja linavuta hewa safi kutoka juu ya dohani, la pili linatoa moshi. Moto unapumua nje, haugusi hewa ya sebule. Ndiyo maana kioo kimefungwa na mpira wa nyuzi. Huo mpira ukichakaa au kioo kikipata ufa, usiwashe.

Sasa NG. Maana yake limetengenezwa kwa gesi asilia ya bombani. Wewe Newala utatumia nini?

Mjukuu_wa_Newala
Mtungi, mkuu. Bomba liko wapi huku kwetu?

Mzee_wa_Ngongo
Mjukuu, hapo ndipo moyo wangu unapouma. Gesi iko Msimbati, imegunduliwa pale Mnazi Bay mwaka 1982. Upande wetu Lindi, Songo Songo, imeonekana tangu 1974. Mwaka 2013 vijana wa Mtwara walisema gesi haitoki. Bomba likajengwa hadi Dar, 2015 ikaanza kupita. Mwaka huu wewe wa Newala unanunua mtungi uliokuja kwa meli kutoka ng'ambo.

Binti_Lindi_Mapambo
Babu, hata mimi nilikuwa najiuliza. Gesi ya Msimbati kwa nini haijazwi kwenye mitungi ikauzwa hapa hapa?

FundiBomba_Chikongola
Kwa sababu si gesi ileile. Ya kwetu karibu yote ni methani. Methani huwezi kuigeuza maji kwa kuikandamiza ndani ya mtungi wa jikoni, inataka ubaridi mkali kupita kiasi au mitungi minene ya shinikizo kubwa kama ile ya magari. Ya mtungi wa jikoni ni propani na butani, na hizo kwenye visima vyetu ni chembe tu. Kwa hiyo njia ya gesi yetu kufika jikoni ni bomba. Mtwara mjini na pale Mnazi Mmoja Lindi wapo waliounganishwa majumbani. Newala bado.

Turudi kwenye meko. Gesi ya mtungi ina nguvu zaidi ya mara mbili ya methani kwa ujazo uleule. Ukiifunga kwenye sanduku la NG bila kubadilisha nozeli, kile kitundu cha kupitishia gesi, moto utapanda hadi juu, mweusi wa masizi, kioo kitakuwa kama chungu cha ubwabwa. Unatakiwa upate vifaa vya kubadilishia vya mfano huohuo: nozeli ya tundu dogo zaidi, springi ya koki na nozeli ya kimoto. Mwambie dada asome namba ya mfano kwenye kibati, aagize kwa watengenezaji wenyewe. Usikubali fundi atoboe nozeli kwa msumari.

Na matumizi ujue. BTU 25,000 kwa saa ni kama kilowati 7.3. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina karibu kilowati-saa 12.8. Ukiwasha moto wote unakula zaidi kidogo ya nusu kilo kwa saa. Mtungi wa kilo 15 ni saa kama 26. Wa kilo 6 ni saa kumi na kitu, tena mtungi wenyewe utatoa jasho na kuganda kabla haujaisha. Mtungi uwe nje ya ukuta, na sakafuni pawe na tundu la hewa, maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa chini na kujilaza, haipandi ikaondoka kama methani. Ukisikia ule uvundo, hiyo ni harufu waliyoichanganya makusudi. Funga koki, usiguse swichi.

Mama_Korosho_Tandahimba
Saa 26 kwa mtungi mzima! Mwanangu, nakuletea blanketi.

Mjukuu_wa_Newala
Mama, ni wiki nne tu za mwaka, kwa muda wa saa mbili tu kila jioni. Niacheni nijidai.

Yupo_Edmonton
Mwanakusini niliyeko kwenye baridi halisi. Nimekaa na haya meko miaka kadhaa, nikupe yaliyopo sokoni ili dada yako ajue la kuulizia.

Magogo ya kauri ya siku hizi si yale ya mti wa Krismasi tu. Yapo yanayofanana na miti iliyosukumwa na mawimbi ufukweni, yamepauka, hayana gome. Kwa mtu wa kusini hayo ndiyo ningeyachukua, yanakumbusha mti uliolala kwenye mchanga wa Msimbati. Yapo mawe ya kauri yaliyofinyangwa kama kokoto za mto, meupe, kijivu na meusi, hayana maji ndani hivyo hayapasuki. Yapo na maumbo: mipira, pembe, vijiti vya chuma. Kisha kuna chembe za kioo. Hicho ni kioo kilichokazwa kwa joto, kimevunjwa na kusuguliwa kingo. Kinakuja cha buluu, shaba, cheusi, kingine kina upande wa kung'aa kama kioo cha kujitazamia. Kingine ni cha duara kama shanga.

Ila watu wengi wanasahau ukuta wa ndani ya sanduku. Ukitoa ule wa mfano wa matofali ukaweka bamba jeusi linalong'aa, moto mmoja unaonekana mitatu. Kwa macho yangu hilo linabadilisha meko kuliko kioo cha buluu, ambacho ukikiona mara ya kumi unachoka.

Kuchele84
Kwa hiyo chupa za bia nikizisaga na kuzisugua?

Yupo_Edmonton
Zitapasuka na kuruka. Kioo cha chupa hakijakazwa.

FundiBomba_Chikongola
Edmonton kamaliza, naongeza moja. Mapambo hayamwagwi kama mchele. Kitabu cha meko kinasema kilo ngapi na wapi. Chembe za kioo kwa kawaida zinataka sahani yake ya kichomeo, si ileile ya magogo. Ukirundika unene, gesi haipati hewa ya kuchanganyika, moto unakuwa wa njano na masizi, na moshi mbaya unaongezeka. Magogo nayo kila moja lina mahali pake na kipini chake. Moto ukiwa unalipiga gogo usoni badala ya kupita kati, unatengeneza masizi. Kwa gesi ya mtungi hili linaonekana haraka zaidi.

Ndani weka kilichotengenezwa kwa meko hayo. Usanii wote wa kusini uache nje ya kioo, huko hata mimi sitakuingilia.

Binti_Lindi_Mapambo
Nje ya kioo ndiko kwangu, nipisheni.

Kaka, umesema nyumba ina kuta nene za zamani. Usiifunge kwa gipsamu na marumaru za kung'aa, utaifanya ukumbi wa benki. Zamani meko ilikuwa na rafu kubwa, nguzo na nakshi. Siku hizi watu wanaiacha ukuta mtupu, fremu nyembamba nyeusi kuzunguka kioo, basi. Na hapa ndipo Mikindani_Pwani anapata haki yake: jiwe la matumbawe la nchi kavu, lile la kuchimbwa, likichongwa mabamba likazungushwa nje ya fremu, linakaa vizuri. Halipigwi na moto, linapashwa kidogo tu. Tafuta mawe ya nyumba iliyoanguka, usiende kung'oa matumbawe hai baharini, ni kosa na ni dhambi. Ukutani juu piga lipu ya chokaa, isisuguliwe sana, iache alama za mkono wa fundi. Sakafu ya mbele ya meko mwaga terazo yenye vijiwe vyeusi.

Runinga usiiweke juu yake. Najua ulikuwa unafikiria.

Mjukuu_wa_Newala
Dada umejuaje?

Mchonga_Mpingo
Na mimi mnipe nafasi. Nachonga, nipo upande wa Mtwara. Wateja wenye meko na makaa huwa wanataka kinyago cha mpingo juu ya rafu. Mpingo ni mgumu lakini haupendi kukaushwa upande mmoja. Kinyago cha ujamaa, kile cha watu waliopandana, ukikiweka juu ya joto kitafanya ufa kuanzia kitako hadi kichwa cha mzee wa juu. Nimeshaletewa nirekebishe, ufa wa mpingo haurekebishiki, unaujaza tu. Kiweke ukuta wa kuangaliana na meko. Usiku moto ukicheza, kivuli chake kitacheza nyuma. Hapo ndipo kinyago kinapoishi.

Binti_Lindi_Mapambo
Mchonga, hilo nalichukua, nitawauzia wateja kama wazo langu.

Yupo_Edmonton
Nimesahau kitu muhimu. Kama kuna watoto, wavu. Kioo cha mbele kinapita nyuzi 200 kwa urahisi na kinabaki moto muda mrefu baada ya kuzima. Tangu 2015 meko mapya ya kioo yanayouzwa Marekani na Kanada yanakuja na wavu wa kinga. La dada yako kama ni la zamani zaidi linaweza kuwa halina.

Mjukuu_wa_Newala
Halina. Na nina pacha wa miaka mitatu. Asante mkuu, hilo limenitoa jasho.

Mzee_wa_Ngongo
Popo je? Hakuna aliyeuliza habari ya popo.

FundiBomba_Chikongola
Babu yuko sahihi. Dohani isafishwe kabla ya kupitisha mabomba, na juu ipigwe kofia yenye wavu. Popo wahamishwe jioni wakishatoka wenyewe, usiwachome.

---

Mjukuu_wa_Newala
MREJESHO, wakuu. Ni miezi mitano tangu nifungue uzi, mnisamehe kwa ukimya.

Dada aliagiza kwa watengenezaji kwa namba ya kibati: vifaa vya kubadilishia kwenda gesi ya mtungi, sahani ya kichomeo ya kioo, mfuko wa chembe za kioo nyeusi na mawe saba ya kauri ya kijivu. Na wavu. Vyote vilikuja kwenye begi la msafiri. Mke wangu alikataa buluu, akasema bahari ipo Mtwara, hatuhitaji kuiwasha.

Fundi alipanda na daladala hadi Newala, akakaa siku mbili. Siku ya kwanza yote aliimaliza kwenye dohani, alitoa debe mbili za kinyesi cha popo, ambazo mama mkwe alizipeleka shambani kwenye mihogo. Siku ya pili alifunga mabomba, akabadilisha nozeli, akapaka maji ya sabuni kila kiungo. Kiungo kimoja kilitoa povu, akakirudia. Mtungi upo nje, kwenye kibanda cha matofali chenye matundu chini.

Chembe za kioo niliona chache mno, nikataka kuongeza. Fundi akanipiga mkono kabisa. Alizisambaza kwa vidole hadi sahani ikafunikwa kidogo tu, mawe saba akayapanga kwa kufuata mchoro. Ile nyeusi bila moto inaonekana kama lami, nilisikitika. Ukiwasha, kila chembe inashika moto wake. Bamba la nyuma la kung'aa sikununua, bei ilinishinda, nitajipanga mwakani.

Ukutani: mabamba ya matumbawe kutoka Mikindani, ya ukuta wa ghala lililoanguka. Mwenyewe aliyapandisha kwa lori la mbao na hakutaka pesa ya mawe, alitaka ya dizeli tu. Lipu ya chokaa juu. Terazo bado, fundi wake yuko msibani. Kinyago kipo ukuta wa pili kama alivyosema Mchonga. Pacha wanakiogopa, wanapita wamejishika.

Mikindani_Pwani
Mlisema matumbawe hayafai. Nimenyamaza tu.

FundiBomba_Chikongola
Ndani hayafai. Nimenyamaza na mimi.

Mama_Korosho_Tandahimba
Picha iko wapi? Uzi mrefu hivi bila picha ni hadithi ya sungura.

Mjukuu_wa_Newala
Mama, mtandao wa huku na ukungu huu picha inagoma, nitajaribu tena nikishuka Masasi.

Jana usiku shangazi alikuja kutoka Kitangari. Nikawasha kwa majivuno yote, nikazima taa. Akakaa kimya muda mrefu anautazama moto, mikono kaielekeza mbele. Nikadhani umemgusa. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, ni mzuri sana. Sufuria sasa inakaa wapi?"